Watoto wa darasa la tano wasiojua kusoma nao wafundishwe kusoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie watoto ambao shule zetu za msingi hapa Tanzania huwapandisha darasa mwaka hadi mwaka ilhali hawajui kusoma. Sina maana ya watoto wa darasa la kwanza na la pili. Hao, tangu mtaala wa mwaka 2015 ulipofanya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) kuwa kiini cha madarasa hayo mawili, wametengewa walau muda, kitabu na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Nina maana ya wale waliovuka madarasa hayo mikono mitupu: mtoto wa darasa la nne ambaye bado anatamka herufi moja moja, na mwenzake wa darasa la sita anayenakili ubaoni, kwa mwandiko safi, maneno ambayo hawezi kuyasoma. Hawa hawamo katika ratiba ya mwalimu yeyote. Kuanzia darasa la tatu shule huchukulia kwamba kazi ya kufundisha kusoma imekwisha, na kila somo, liwe Sayansi, Hisabati au Uraia, humfikia mtoto kwa njia ya maandishi. Ninachoomba ni kwamba watoto hao wafundishwe kusoma ndani ya saa za shule, wakianzia pale walipo wao na si pale darasa lao lilipo.

Jambo hili tumelijua muda mrefu. Ripoti ya mwaka 2010 ya Uwezo, utafiti unaopima watoto kusoma na kuhesabu, ilionyesha kwamba mmoja kati ya kila watoto watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba maelfu ya wanafunzi walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika, na wananchi wakauliza, tena kwa haki kabisa, mtihani waliufaulu vipi. Tangu hapo serikali na washirika wake wamefanya kazi ambayo sitaki kuipuuza: ule mtaala wa KKK, mafunzo ya walimu kupitia LANES, mpango wa kusaidia ufundishaji wa stadi hizo, na upimaji wa stadi hizo katika darasa la pili. Kisha, Januari 2016, ikaja elimu bila ada, ikawaingiza shuleni watoto wengi ambao wangebaki nyumbani au machungani. Ulikuwa uamuzi mwema na ninauunga mkono mpaka leo. Lakini uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nasi tuliofundisha madarasa ya chini tunajua jinsi watoto zaidi ya mia wanavyobanana katika chumba kimoja. Katika umati huo mtoto mwepesi hujifunza. Anayehitaji kurudiwa mara tatu hupitwa, na mwalimu wake huenda asigundue kabisa kwamba amepitwa.

Asiyejua kusoma hujifunza mapema namna ya kutoonekana. Darasa linaposoma kwa pamoja, yeye hufuata sauti za wenzake kwa kuchelewa kidogo sana, kiasi ambacho sikio la mwalimu aliyesimama mbele haliwezi kukinasa. Akipewa kitabu peke yake, hutazama picha, hukumbuka kilichosomwa jana, na husema ukurasa mzima bila kukwama. Mwalimu anayetaka kujua ukweli na aangalie kidole cha mtoto. Mdomo unasema "Juma na dada yake wanakwenda sokoni", kidole bado kiko kwenye "na". Amwombe asome sentensi ya mwisho kabla ya ile ya kwanza, au amwonyeshe neno moja katikati ya mstari aliokwisha kuusema vizuri, na ataona macho ya mtoto yakikimbilia mwanzo wa mstari ili aanze kukariri upya hadi alifikie neno hilo. Upimaji huu hauchukui zaidi ya dakika chache kwa mtoto mmoja na hauhitaji mtihani wa kuchapishwa. Unahitaji mwalimu akae na mtoto mmoja, pembeni, mahali ambapo wengine hawasikii.

Nasisitiza kupima kwa sababu tiba hutegemea mahali mtoto alipokwama. Kiswahili kina bahati kubwa katika jambo hili. Irabu zetu ni tano, kila moja ina sauti yake popote inapoandikwa, na silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili, ambaye tayari anaijua lugha kwa kuisema, anaweza kuzimudu silabi hizo kwa miezi badala ya miaka iwapo atafundishwa kila siku. Anapokwama huwa ni mahali panapojulikana. Wengine hukwama kwenye konsonanti zinazofuatana, kama katika "mbwa", "nywele", "kuoshwa" na "ng'ombe". Wengine huchanganya "b" na "d". Wengi zaidi, na hawa ndio tunaowakosea kwa kudhani kwamba wanajua kusoma, hukwama kwenye maneno marefu. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Mtoto anayesoma "ha-wa-ku-tu-sa-i-di-a" silabi moja baada ya nyingine hufika mwisho akiwa amesahau mwanzo, na ukimuuliza nani hakusaidiwa hana jibu. Ndiyo maana wataalamu hupima pia kasi, na kipimo kinachotajwa nchini kwa anayemaliza darasa la pili ni takriban maneno 50 kwa dakika. Watoto hawafundishwi kukimbia; ila akili iliyochoka kwa kuunga silabi haina nafasi ya kuelewa. Mtoto wa namna hii hahitaji kurudishwa kwenye "a, e, i, o, u". Anahitaji kuonyeshwa kwamba ndani ya neno hilo kuna vipande anavyovitumia kila siku mdomoni, "hawa-ku-tu-saidia", na anahitaji kusoma hadithi ileile fupi mara kadhaa hadi itiririke.

Mtoto ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwake, na wapo wengi katika vijiji vya wafugaji na vya ndani kabisa, huhitaji jambo jingine kabla ya hayo yote: kuzungumza. Hawezi kulitambua kwenye karatasi neno ambalo hajawahi kulisikia. Mwalimu wake na amsimulie, amwulize, amwache ajibu hata kwa sentensi iliyovunjika, ndipo amfungulie kitabu.

Njia ya kuwafundisha watoto hawa ipo na imejaribiwa. Shirika la Pratham la India, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, liliwapanga watoto wa madarasa ya kati kwa kufuata kiwango chao cha kusoma badala ya umri au darasa, likawafundisha kwa muda maalumu kila siku, na watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliopata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, wakapima matokeo na kuona kwamba watoto waliokwama walisonga mbele. Majirani zetu wa Zambia wameichukua njia hiyo na kuiingiza katika shule zao za serikali. Inavyofanyika ni rahisi kueleza. Kila mtoto wa darasa la tatu hadi la sita hupimwa: anasoma silabi, neno, aya, au hadithi? Kisha kwa saa moja kila siku shule nzima hujipanga upya. Wanaosoma silabi hukaa pamoja, wawe wa darasa la tatu au la sita. Wanaosoma maneno hukaa pamoja. Na kadhalika hadi kundi la wanaosoma hadithi na kuijadili. Walimu wote hufundisha saa hiyohiyo, kwa hiyo hakuna mtoto anayeonekana ametengwa. Katika kundi la silabi kuna kadi na chati sakafuni, michezo ya kuunda maneno, kuandika mchangani na ubaoni, na kila siku, hata siku ya kwanza, kuna hadithi fupi inayosomwa na mwalimu huku watoto wakifuata kwa kidole. Baada ya wiki kadhaa watoto hupimwa tena na aliyepanda huhama kundi.

Nimesikia pingamizi mbili kila ninapolizungumza jambo hili na walimu wenzangu. Ya kwanza ni kwamba mada za mtaala hazitakwisha. Ninawauliza: kwa mtoto asiyejua kusoma, ni mada gani ambayo imewahi kwisha? Mwalimu ameifikia mwisho, mtoto hajaianza. Pingamizi ya pili ni uhaba wa walimu, na hii ni nzito kweli, wala siipuuzi. Lakini uhaba huo tunauongeza wenyewe kwa namna tunavyowagawa walimu tulio nao. Katika shule nyingi mwalimu mahiri kuliko wote hupewa darasa la saba, kwa sababu hapo ndipo shule inapopimwa na halmashauri, na mwalimu mgeni asiye na uzoefu hupelekwa darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko yote. Ningependa mwalimu mkuu mmoja katika kila kata athubutu kugeuza mpango huo: kundi la silabi liwe dogo kuliko mengine na lipewe mwalimu bora wa shule, na kundi la wanaosoma vizuri liwe kubwa, maana hao wanaweza kusoma kimya kwa nusu saa bila kusimamiwa sana.

Sasa nije kwenye ujasiri, ambao wengi huufikiria kama jambo la kumsifu mtoto. Sifa anazopewa mtoto kwa kitu ambacho yeye mwenyewe anajua hakukiweza hazimsaidii, na watoto wana akili ya kuzitambua. Ujasiri wa kusoma huanza siku mtoto anapomaliza maandishi fulani kwa nguvu zake mwenyewe na kuelewa yalichosema. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumpa maandishi ambayo anaweza kuyamaliza, na ya pili ni kumwondolea hofu. Kumsimamisha asiyejua kusoma mbele ya wenzake sitini na kumwamuru asome ni kumfundisha kuichukia karatasi. Kumchapa ni vibaya zaidi. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au yule aliyemwidhinisha, kutoa adhabu ya viboko kwa makosa mazito ya nidhamu tu. Kutojua silabi si kosa la nidhamu, na bado fimbo ipo mezani katika vipindi vingi vya Kiswahili. Vilevile tuache kuwaita watoto "wazito" au "vichwa vigumu" mbele yao. Mtoto huyohuyo anayeitwa mzito hukumbuka majina ya ng'ombe wote wa baba yake na chenji ya kila mteja katika genge la mama yake.

Katika shule niliyofundishia kulikuwa na msichana wa darasa la tano ambaye kila zamu yake ya kusoma ilipokaribia aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Vitabu vya darasa la kwanza alivikataa, na alikuwa na haki, kwa sababu kukutwa navyo mkononi ilikuwa aibu kubwa kwa binti wa umri wake. Mwalimu wake wa Kiswahili akamwomba amsaidie kuwasomea wadogo wa darasa la awali hadithi ya sungura siku ya Ijumaa. Sasa kile kitabu chepesi kilikuwa na sababu ya kuwa mkononi mwake. Alikisoma wiki nzima, chini ya mwembe, akirudia ukurasa wa tatu ambao ulikuwa na neno "wakamng'ang'ania". Ijumaa alilisoma neno hilo polepole, vipande vipande, kisha akalirudia lote kwa mara moja, na watoto wakacheka kwa sababu hadithi ilichekesha. Ijumaa iliyofuata alikuja ofisini mwenyewe kuuliza kuna kitabu gani kingine. Jambo hili halikugharimu chochote, na ningeshauri kila shule yenye darasa la awali ilijaribu.

Kabla ya yote hayo, mtoto apimwe macho na masikio. Mara nyingine anayeitwa mvivu haoni ubao, na kuhamia dawati la mbele ni nusu ya tiba yake. Wapo pia watoto wachache ambao akili zao ni timamu ila huchelewa mno kuunganisha herufi na sauti, hali ambayo wataalamu huiita disleksia. Hao hufaidika na njia hizihizi, lakini kwa muda mrefu zaidi na kwa subira kubwa zaidi.

Kisha kuna suala la vitabu, ambalo kwangu ndilo lenye uchungu kuliko yote. Kitabu cha kiada peke yake hakimtoshi anayejifunza kusoma. Anahitaji vitabu vingi vidogo, vyepesi, vyenye hadithi anazozitaka. Vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihimiza uandishi wa hadithi za Kiswahili tangu mwaka 1991, na wachapishaji wetu wanazo nyingine nyingi. Lakini nenda shuleni uone vilipo. Vimefungiwa katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, vingine bado vikiwa ndani ya nailoni, kwa hofu kwamba vitachanika na mkaguzi atauliza. Ninawaomba wakaguzi hao, ambao sasa huitwa wathibiti ubora wa shule, wageuze swali lao. Wakikuta vitabu vya hadithi ambavyo ni vipya baada ya miaka mitatu, hapo ndipo wahoji. Na halmashauri zikumbuke kwamba Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, nia haikuwa kwamba maktaba ziishie mijini. Chumba kimoja katika ofisi ya kata, chenye mkeka na sanduku la vitabu, ni maktaba inayotosha kuanzia.

Kwa wazazi nina neno moja tu. Mzazi asiyejua kusoma bado anaweza kusaidia sana. Amwambie mtoto amsomee kila jioni, hata kwa dakika kumi, kisha amwulize imesema nini. Amsikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Hilo lina faida kuliko masomo ya ziada ya kulipia, ambayo kwa kawaida hurudia mada za darasani kwa mtoto yuleyule asiyeweza kuzisoma, na ambayo mtoto wa maskini hayafikii kabisa.

Yapo mambo yanayofanya suala hili lisingoje. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Sina ugomvi na uamuzi huo, lakini mtoto aliyekwama sasa ana mwaka mmoja pungufu wa kujinasua. Akifika kidato cha kwanza atapokewa na masomo kwa Kiingereza, na yale majuma ya mwanzo ya kuwaandaa wanafunzi kwa lugha hiyo hayatamfaa mtu asiyeweza kusoma lugha anayoijua.

Kwa hiyo ninaiomba Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia pamoja na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, watoe waraka unaotenga saa moja ya kusoma kila siku kuanzia darasa la tatu, kwa makundi ya viwango, na kwamba vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambamo walimu wetu tayari hukutana kujifunza, vipewe jukumu la kuandaa upimaji na kadi za makundi hayo. Ninaomba pia kila mwalimu mkuu aitangazie kamati ya shule, kila muhula, ni watoto wangapi wako katika kila kundi. Anayetoa takwimu za kweli asiadhibiwe kwa ukubwa wa takwimu hizo. Siku tunapomwita mwalimu mkuu kujieleza kwa sababu ametaja watoto thelathini wasiojua kusoma, jirani yake atataja watatu, na wale wengine wote watarudi kujificha nyuma ya sauti za wenzao.

Ombi langu la mwisho ni kwako, Mhariri. Serikali ilipotangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikaenea, ilionekana wazi kwamba aliyetoka kujifunza kusoma husahau upesi akikosa cha kusoma, na ndiyo sababu Kanda ya Ziwa ikapata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Gazeti lako hufika hata mahali ambapo kitabu cha hadithi hakifiki, na likishasomwa hufungiwa maandazi na vitumbua. Tenga nusu ukurasa kila wiki kwa ajili ya msomaji anayeanza, awe na miaka kumi au hamsini: hadithi moja fupi au habari moja ya kweli, kwa herufi kubwa, sentensi fupi, maneno ya kila siku, na bila maswali ya mtihani chini yake. Walimu tulio tayari kuziandika hadithi hizo bila malipo tupo, na barua hii ichukuliwe kuwa ahadi yangu ya kuleta ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga